Wakazi Walioko Nje kwa Muda

Kwa furaha isiyo na kifani, Halmashauri ya Kisiwa cha Torsaig iliutangazia umma kwamba idadi ya wakazi imepanda kutoka themanini na sita hadi elfu arobaini na moja. Ongezeko hilo lilipatikana kati ya saa nne asubuhi na wakati wa chai ya jioni, bila mtu yeyote kuzaliwa.

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa posta. Seonag MacAlvie alilisoma mara mbili huku mvua ikimwingia shingoni. Yeye ndiye karani wa malisho ya pamoja, mwenye daftari la nani ana ng'ombe wangapi kwenye Bonde la Ardle, na hao watu elfu arobaini hakuwa amewaona.

"Wako wapi?" alimwuliza binamu yake Torquil, aliyejibanza hapohapo kukwepa mvua.

"Wengi Kanada. Soma chini, dada. Kanada elfu kumi na tisa, New Zealand elfu tisa, Australia elfu nane, waliobaki Marekani. Akina MacAlvie wote hao."

"Na sisi wa hapa?"

"Kaya tisa. Tumewekwa kwenye tanbihi."

Mambo yalikuwa hivi. Sir Lionel Pelham-Strang, mwenye kisiwa na pia mwenyekiti wa Halmashauri, alitaka gati jipya la meli mbele ya hoteli yake. Serikali haijengi gati kwa watu themanini na sita. Inaanzia elfu tano. Basi akamwajiri mtaalamu, Bwana Dalgleish, ambaye alimhesabu kila mtu duniani anayeitwa MacAlvie, jina la ukoo wa kisiwa hicho, na kuwaandika wote kuwa wakazi walioko nje kwa muda. Muda huo ulianza mwaka 1849, pale babu mkubwa wa Sir Lionel alipowapakia melini ili kondoo wake wapate nafasi. Fomu haikuuliza sababu ya safari.

Seonag angecheka, lakini chini ya tangazo hilo palikuwa na la pili, la herufi ndogo. Kwa kanuni mpya iliyotungwa na Mwenyekiti mwenyewe, jina lolote lenye kaya chini ya kumi halina haki ya ardhi kisiwani. Akina MacAlvie, wakiwa kaya tisa, walitakiwa kuondoa mifugo Bonde la Ardle kabla ya tarehe mosi Mei. Bonde lingezungushiwa uzio, wawekwe paa wa kuwindwa na wageni wa hoteli.

Seonag alikuwa na ng'ombe watatu, na hakuwa na mahali pengine pa kuwapeleka. Akaenda ofisi ya Halmashauri na mabuti yake ya matope.

"Shangazi, kanuni ni kanuni," Dalgleish alisema kwa huruma iliyoidhinishwa.

"Sijabisha, mwanangu. Nauliza tu. Hao wote wa nje ni wakazi?"

"Wakazi kamili."

"Wanalala barabarani, au wana kaya?"

Dalgleish alifungua faili kwa fahari. "Kaya elfu kumi na moja na mia sita." Fahari ikaishia hapo.

"Nimeacha shule mapema," Seonag alisema. "Hiyo ni chini ya kumi?"

"Itabidi nishauriane na ngazi za juu."

"Shauriana. Mimi nakaa."

Ngazi ya juu iliingia ikinuka sigara. Sir Lionel alisikiliza akiwa amesimama.

"Mheshimiwa," Dalgleish alisema, "tukiwafuta wa nje, gati limekufa. Tukiwaacha, wana haki ya malisho."

"Waache, bwana! Nani atavuka bahari kuja kuchunga ng'ombe kwenye mvua hii?" Akatia saini palepale, na muhuri juu, kwamba kila mmoja wao ana haki zote za mkazi.

Seonag alikunja nakala, akaishukuru Halmashauri, akarudi nyumbani kupiga hesabu. Kila kaya ina fungu la ng'ombe watatu na kondoo ishirini. Bonde la Ardle liliwatosha watu wa mji mmoja tu wa Kanada. Ilibidi aongeze milima yote, kisha uwanja wa gofu, kisha bustani ya Sir Lionel hadi kwenye kizingiti cha jiko.

Akayapeleka madai hayo mahakama ya ardhi, nayo ikatafuta kosa kwa siku tatu, ikapata saini ya Sir Lionel tu. Mwishowe jaji aliuliza kuna kaya ngapi za akina Pelham-Strang kisiwani.

"Moja, Mheshimiwa Jaji," alijibu Dalgleish chini ya kiapo.

"Na duniani?"

"Tatu. Moja imeomba isihesabiwe."

Jaji akaisoma ile kanuni ya kaya kumi kwa sauti, polepole.

Wiki iliyofuata Sir Lionel alibisha hodi kwa Seonag, kofia mkononi.

"Mama MacAlvie, ninaomba tu nibaki nyumbani kwangu. Na kipande cha bustani."

"Mimi sina neno, Sir Lionel. Ila ardhi ni ya pamoja. Lete ridhaa ya kila kaya." Akamsogezea boksi la anwani. "Anza na Kanada."

Sir Lionel ameshaandika barua elfu mbili, kwa mkono, na zote zinaanza na neno "Mpendwa". Hadi sasa amepata jibu moja. Bibi mmoja wa Nova Scotia amemjulisha kwamba ombi lake limepokelewa, linashughulikiwa, na asifuatilie kwa simu.