Shangazi wa Daktari Rodel

Rodel Macaraeg alikuwa ameshika sahani ya tambi za pansit aliposikia pesa zikilalamika kwenye meza ya jirani.

Ulikuwa ubatizo, katika ukumbi wa chini ya kanisa, Jersey City, Marekani, na Rodel hakumjua mtoto aliyebatizwa wala wazazi wake. Hilo halikumnyima hamu ya kula. Alikuwa na suti ya kijivu, viatu vinavyong'aa, na uso wa mtu ambaye lazima awe binamu wa mtu fulani, na Wafilipino wenzake hawamfukuzi mtu wa namna hiyo kabla hajashiba. Kazi yake ya wakati huo ilikuwa kuuza makaburi ya kulipia mapema. Biashara ilikuwa imelala. Wazee walikuwa wanakataa kufa, na waliokubali walitaka punguzo.

Kwenye meza ya jirani walikaa manesi. Walitaka kurudi chuo kusomea shahada ya juu, wawe manesi watabibu: wale wanaopima, wanaoandika dawa, wanaozungumza na mgonjwa wakiwa wamekalia kiti cha daktari chenye magurudumu, huku nesi wa kawaida akimgeuza mgonjwa huyohuyo kitandani kwa nguvu za mgongo wake. Lakini maombi yalikuwa mateso. Chuo kinataka insha ya kujieleza. Kinataka barua za watu wazito. Kinakuita kukuhoji. Ukishapita kote huko, kinakuambia kwa tabasamu ujitafutie mwenyewe daktari atakayekusimamia mazoezi, na madaktari wenyewe hawapokei hata simu.

Rodel aliweka sahani chini taratibu, kama mtu anayeingia kanisani. Hawa walikuwa wanawake wanaoweza kugombana na muuza samaki mpaka samaki aanze kunuka, lakini ukitaja neno "maombi" mikono yao inalegea. Na mshahara wanao.

Alichokosa ni mtu wa kumdhamini. Akamwona Teresita Bunagan.

Tess, kama alivyoitwa, alikuwa msimamizi wa zamu katika hospitali ya pale mtaani, na nusu ya manesi waliokuwa ukumbini walikuwa wamewahi kulia chooni kwa sababu yake. Rodel alichukua maandazi mawili ya nyama, akavuka ukumbi mzima, akainama na kuuweka mkono wa yule mama kwenye paji la uso wake, salamu ya Kifilipino kwa wakubwa, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya kufika hadi kwenye meza ya manesi. "Umekonda. Hawakulishi?"

Sasa, kwa watu hawa kila mwanamke mwenye mvi ni shangazi. Muuza duka anamwita shangazi, dereva anamwita shangazi, na yeye huitika bila kuuliza, maana kuuliza ni utovu wa adabu. Tess aliyatazama maandazi, akamtazama kijana, akajaribu kukumbuka ni mtoto wa nani, akashindwa.

"Ndiyo, mwanangu," alisema. "Mama yako hajambo?"

Rodel hakuhitaji zaidi. Aliporudi upande wa pili, meza ya manesi ilikuwa imeshamwekea kiti.

Kufikia mwisho wa keki alikuwa Daktari Rodel, daktari wa falsafa, aliyewahi kukaa kwenye kamati ya kuchagua wanafunzi katika chuo ambacho, kwa heshima, hakukitaja. Alijua kile kamati inachotaka kusikia. Alikuwa na rafiki mwenye kliniki ambaye angewapokea wote kwa mazoezi. Ada yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na maisha watakayoyapata, nayo hulipwa taslimu, kwa sababu za unyenyekevu. Na ilikuwa siri. Kamati zikisikia mtu amesaidiwa, humkata.

Manesi tisa walilipa. Marivic Tolosa alilipa wa kwanza. Tayari alikuwa ameshajinunulia koti refu jeupe lenye jina lake lililotariziwa kifuani, na alikuwa akilivaa nyumbani akikaanga mayai. Analyn Dimaculangan alilipa wa mwisho, na huyo ndiye wa kumwonea huruma. Mgongo wake ulikuwa umeanza kumkatalia. Asubuhi nyingine mumewe alimvalisha soksi. Daktari wa kweli alikuwa amemwambia kuwa hana miaka mingi iliyobaki ya kuinua watu, na Analyn alielewa vizuri: mwaka huu aingie chuo, au siku moja adondoke na mgonjwa mikononi. Pesa alizompa Rodel ndizo alizokuwa ameziweka za kushikilia nafasi chuoni. Alizifunga kwa kibanio chake cha nywele cha waridi, akamkabidhi kama anayekabidhi mtoto.

Rodel alimfanyia kazi nzuri. Alimuuliza kama ana bibi.

"Ninaye. Yuko kwetu Ufilipino, Dagupan."

"Anaumwa?"

"Hata mafua hana."

"Basi itabidi afe," alisema Daktari Rodel kwa upole. "Kamati inapenda bibi aliyekufa. Anakufa polepole, wewe umemshika mkono, ukiwa msichana mdogo. Anakuambia, mjukuu wangu, ponya watu. Hapo unanyamaza kidogo. Unaweza kunyamaza?"

Analyn alisema hapendi. Rodel alimuuliza kama anapenda kuvalishwa soksi. Basi bibi akafa.

Tusijifanye hapa kwamba manesi walikuwa wana-kondoo. Kila mmoja alijua anasema uongo, na kila mmoja aliamini kuwa ni yeye peke yake aliyepewa uongo mzuri kiasi hicho. Wengine walimwomba Rodel aongeze ugonjwa. Marivic aliomba mvua inyeshe.

Kilichowaponza ni mazoea ya kazi. Nesi hachomi dawa ya hatari mpaka mwenzake aitazame naye; anaisoma kwa sauti, mwenzake anaitikia, ndipo inaingia kwa mgonjwa. Ukishaishi hivyo miaka mingi, huwezi kutoa kitu kizito peke yako. Kwa hiyo Analyn, mahojiano yalipokaribia, alimwomba Tess amsikilize. Walisimama kwenye chumba cha chai, karibu na mashine ya kahawa, na bibi wa Dagupan akafa vizuri sana. Tess alifuta jicho.

Siku ya pili alikuja Marivic. Bibi alikufa tena, mkono uleule, maneno yaleyale, isipokuwa sasa kulikuwa na mvua.

Tess hakufuta jicho. Aliweka kikombe chini.

"Marivic. Nani kakufundisha haya?"

"Lakini Dada Tess, si mpwa wako? Daktari Rodel."

Wanaomjua Tess wanasema hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililowatisha. Alimwita Analyn. Aliwauliza wote wawili bibi zao wako wapi. Wa Marivic alikuwa kwenye chumba cha juu nyumbani kwake, akitazama televisheni.

"Miaka yote hii nimefanya kazi hapa," alisema Tess, "sijawahi kuona bibi mmoja akifa mara mbili katika wodi yangu. Mnamwona huyo mtu lini?"

Jumapili, baada ya misa, ukumbini. Mazoezi ya mwisho ya mahojiano, na malipo ya mwisho.

Rodel alifika Jumapili hiyo akiwa mchangamfu kuliko siku zote, kwa kuwa teksi ilikuwa inamngoja nje impeleke uwanja wa ndege. Las Vegas kulikuwa na Wafilipino wengi, manesi wengi, na hakuna hata mmoja aliyemjua. Alikuwa amevaa mavuno yake yote mwilini, katika mkanda mpana wa kitambaa chini ya shati, maana yeye na benki walikuwa hawaelewani tangu zamani. Alikaa mbele ya wale tisa na kuanza kuwaeleza jinsi ya kuingia chumbani, jinsi ya kukaa, jinsi ya kushika mikono.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Tess. Akavuta kiti, akakiweka mbele ya mlango, akakikalia.

"Endelea, mwanangu. Shangazi yako kaja kujifunza."

Rodel alisema amefurahi.

"Mimi pia nataka kuomba chuo," alisema Tess. "Naogopa maswali yao. Wewe ulikuwa kwenye kamati. Nikuulize moja, unionyeshe jibu zuri linavyokaa. Mgonjwa wa kisukari anakuja, anatetemeka, jasho linamtoka, haeleweki anachosema. Unafanya nini kwanza?"

Rodel alikohoa, akasema kwamba kwanza lazima tujiulize uponyaji ni nini.

"Keshaanguka, mwanangu, wakati unajiuliza."

Nesi mmoja alicheka. Rodel alitazama mlango, ulikuwa umekaliwa. Alitazama dirisha, lilikuwa la chini ya ardhi, lenye nondo. Alizitazama nyuso tisa na kuona kwamba swali linalofuata halitahusu kisukari. Hapo akafanya alilowahi kulifanya Manila, Dubai na kwenye harusi moja Toronto, na mara zote lilimfaa: alishika kifua, akatoa mguno, akaanguka.

Ziko sehemu nyingi nzuri za kujifanya unakufa. Sokoni ni pazuri, na hata kwenye basi huwa inafaa. Katikati ya manesi tisa wa Kifilipino wanaolala na saa mkononi si pazuri hata kidogo.

Walimvamia. Mmoja alimsugua mfupa wa kifua kwa konzi, kama wanavyofanya kuona kama mtu bado yumo, na Rodel aliona nyota lakini hakupepesa. Mwingine alimbana ukucha kwa kalamu. Tess alipiga magoti bila haraka, akaunyanyua mkono wa mgonjwa juu kabisa ya uso wake, akauachia. Mkono wa mtu aliyezimia kweli humpiga usoni. Mkono wa Rodel ulipinda angani kwa adabu, ukatua kando ya sikio.

Tess alimwinamia.

"Rodel," alinong'ona. "Kama unanisikia, amka sasa, uwaambie ukweli, uwarudishie chao, uende zako. Kama hunisikii, basi tutakutibu."

Rodel alifikiria mkanda wake. Hakusikia.

"Hasikii," Tess alitangaza. "Pigeni simu, ambulensi ije. Marivic, mkasi."

Marivic, ambaye mkasi wa kazi haukosi kwenye mkoba wake hata siku ya Krismasi, aliikata suti ya kijivu kutoka kwenye pindo hadi kwapani, upande huu na upande ule, kwa raha ambayo chuo chochote kingeiita wito. Shati lilifuata. Mkanda ukaonekana, umejaa kama soseji, na kwenye upenyo wa zipu ilichungulia ncha ya waridi ya kibanio cha nywele. Analyn alinyoosha mkono.

"Usiguse," alisema Tess. "Mali ya mgonjwa haiguswi. Sisi si wezi."

Hospitalini mambo yalikwenda kwa utaratibu, na utaratibu ndio uliommaliza. Manesi wawili wa idara ya dharura walimvua kilichobaki, wakamvisha gauni lililo wazi mgongoni, wakakitaja kila kitu kwa sauti, wakakifunga ndani ya mfuko mbele ya mashahidi. Mgonjwa alikuwa ameshafumbua macho. Ilibidi, walikuwa wamekuja na sindano kubwa.

"Bwana, mali yako tutamkabidhi ndugu yako," alisema nesi wa pale. "Una ndugu hapa?"

Rodel alifungua mdomo kusema hana. Kwenye mlango wa chumba walisimama wote tisa, bado na nguo za kanisani. Kwa kila mmoja wao alikuwa ameapa kuwa Tess ni shangazi yake, tena kwa jina la marehemu mama yake. Mbele yao alisimama Tess, mkoba mkononi, amemwinamishia kichwa kwa upendo.

Akisema huyu si shangazi yangu, nesi wa pale angeuliza basi hawa ni nani, na wewe ni nani, na hizi pesa ni za nani. Na nje ya chumba alikuwa ameketi polisi, anakula biskuti.

"Ni shangazi yangu," alisema Rodel Macaraeg.

"Kwa sauti zaidi kidogo, bwana."

"Ni shangazi yangu. Mpeni."

Tess alimpiga busu kwenye paji la uso.

Jioni hiyo, katika ukumbi wa kanisa, kila nesi alirudishiwa chake. Lakini Tess hakumpa mtu hata senti kabla hajampigia simu bibi yake, mbele ya wote, na kumwomba radhi kwa kumuua. Waliokuwa na bibi waliokufa kweli waliwasha mshumaa. Marivic alimpigia wa kwake aliyekuwa chumba cha juu, akaambiwa asimsumbue, tamthilia imefika pazuri.

Dagupan kulikuwa kumeshakucha. Bibi wa Analyn alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikufa vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, Bibi. Nilikushika mkono."

"Na mjomba wako alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Hata kwenye uongo hakuja," alisema bibi, akakata simu.

Analyn alikwenda kwenye mahojiano akiwa hana bibi wa kumzika. Kamati ilipomwomba awaeleze juu ya mgonjwa mmoja asiyemsahau, aliwaeleza juu ya mwanaume aliyeanguka mwenye afya na kuamka mgonjwa. Maana hilo nalo lilitokea: walipompima Rodel damu, ili kuona moyo una nini, walikuta sukari imepanda, imepanda miaka mingi, na macho na miguu vilikuwa vimeshaanza kulipia. Mmoja wa wanakamati alicheka mpaka akavua miwani. Analyn alipata nafasi. Marivic hakupata, koti analo.

Kuhusu mazoezi, hakuna daktari aliyepokea simu, mpaka Tess alipokwenda mwenyewe kwenye kliniki moja na kukaa kwenye kiti mbele ya mlango.

Siku yake ya kwanza pale, Analyn alikaa kwenye kile kiti chenye magurudumu, mgongo umenyooka, na mgonjwa wa kwanza akaingia akichechemea. Suti ilikuwa mpya lakini ya bei nafuu. Walitazamana.

"Nilikuahidi mahali pa kufanyia mazoezi," alisema Rodel hatimaye. "Usiseme sikutimiza."

"Vua viatu," alisema Analyn.

Aliikagua miguu yake kidole kwa kidole, bila haraka na bila kumkwaruza. Alimuuliza anakula nini, analala wapi, nani humpikia. Majibu yalikuwa mafupi. Kisha akafika kwenye swali la kuulizwa kila mtu: ikitokea dharura, tumpigie ndugu gani?

Rodel alitazama dari muda mrefu, kama mtu anayepitia miji yote aliyokwishapita.

"Teresita Bunagan," alisema. "Shangazi yangu."