Barua ya Utambulisho ya Chembe

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili kamili: kuanzia sasa hakuna chembe yoyote itakayozaliwa, kuishi au kufa ndani ya kata bila barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa kijiji. Asiyetimiza miezi sita ya makazi hatambuliki, na lolote alilolitenda ni batili.

Kaimu Mratibu wa Mambo Mapya, Bwana Wolfgang, alilisoma mara tatu. Halikuwa na kosa. Alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa sababu ya ombi la Letisia, mtafiti kutoka Tlawi. Letisia alitaka kibali cha kupeleka unga wa viazi lishe wa akina mama wa Maretadu kwenye mtambo wa mionzi mjini. Mionzi ingeua wadudu. Ilibaki kujua kama ingewaachia watoto vitamini A. Zamu yake mtamboni ilikuwa kesho. Nyingine, mwakani.

“Shikamoo, bosi,” alisema Letisia akiingia.

“Marahaba. Umeandika kwamba mionzi ikiigonga vitamini A, zinazaliwa chembe za mpito. Zinaishi muda gani?”

“Sehemu ndogo sana ya sekunde.”

“Halafu?”

“Zinamvamia jirani wa kwanza, zinageuka kitu kingine.”

“Bila kujitambulisha?”

“Hazina nafasi, bosi.”

Wolfgang alisikitika. Hata mfugaji wa Gendabi akihama na ng’ombe wake huanzia kwa mwenyekiti.

“Kila moja ilete barua na picha mbili.”

“Mtambo huona rangi yake tu.”

“Picha za rangi zinakubalika.”

Mzee Margwe, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa ameitwa ili aelekezwe wajibu wake. Alikohoa.

“Ziko ngapi, binti?”

“Mabilioni, mzee.”

“Mmh.” Alilipitia tangazo kwa kidole, mstari kwa mstari. “Na wewe, kijana, ulifika lini hapa?”

“Wiki ya tatu sasa, mzee. Lakini mimi ni kaimu.”

“Ndiyo nasema. Umeingia, umemvamia jirani wa kwanza, na kwangu hujapita. Tangazo hili amelitia sahihi nani?”

Wolfgang alitazama sahihi yake. Ilikuwa nzuri.

“Basi ni batili,” alisema Margwe. “Binti, beba unga wako, uwahi basi.”

Letisia alishaufikia mlango.

Wolfgang alifungua droo, akatoa picha zake mbili. “Mzee, naomba na mimi barua ya utambulisho.”

“Weka hapo,” Margwe alisema, akiufunika muhuri wake. “Ila kuna foleni. Mbele yako kuna chembe mabilioni.”