Wiki Yangu ya Msimbati

Jumamosi, 1 Desemba 1973

Hili sijamwambia mtu, hata padri: Krismasi naiogopa. Wageni wanajaa, Baba ananisimamisha katikati ya sebule niongee Kiingereza wasikie. Mwaka jana nilisahau jina langu kwa lugha zote mbili.

Basi, leo nimejikomboa! Bwana Shabani ana banda la makuti ufukweni Msimbati. Analigawa kwa wiki. Kila mtu na wiki yake, kila mwaka, mpaka kufa. Nimechukua wiki ya kwanza ya Mfunguo Tatu. Inaangukia Krismasi barabara! Nimempa baiskeli yangu, ile aliyoninunulia Baba. Tumeandikiana, nikatia saini. Aliniuliza umri. Nikasema ishirini. Nilikuwa nimejipaka masizi kidogo chini ya pua.

Baba yuko Dar es Salaam kwa kazi za bandari. Anarudi Jumamosi ijayo. Nitasema baiskeli iko kwa fundi.

Jumatatu, 3 Desemba

Balaa! Nimejisifu kwa Asha, jirani yetu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema we kaka, Mfunguo Tatu ni mwezi wa tatu baada ya Ramadhani, unafuata mwezi mwandamo, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Kwani Idi sijaiona inavyohama? Miaka yote nakula pilau kwao, sikuwahi kuuliza imepikwa mwezi gani.

Mwakani wiki yangu itakwisha kabla ya Krismasi. Nikifika miaka arobaini nitakuwa Msimbati katikati ya masika, makuti yananivujia. Na kuezeka upya ni juu yetu wenye wiki. Imo katika mkataba!

Nimemfuata Bwana Shabani. Amekataa. Ati mwanamume ni neno lake, na baiskeli imekwishazoea kwake.

Ijumaa, 7 Desemba

Asha kanipeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Zainabu, aliyewahi kuwa mzee wa baraza mahakamani. Bwana Shabani akaitwa. Akaonyesha saini yangu. Balozi akaniuliza umri.

Nilitaka ardhi inimeze. Niseme mimi ni mtoto, mbele ya Asha! Lakini kesho Baba anarudi. Nikanong'ona: kumi na sita.

Bwana Shabani akaruka: na masharubu je? Balozi akanipangusa kwa ncha ya kanga. (Nilikuwa nimejipaka tena. Asha alikuwepo.)

Balozi akasema asiyetimiza miaka kumi na minane hafungwi na mkataba, hata atie saini kwa damu. Wiki irudi kwa mwenyewe, baiskeli kwa mtoto, la sivyo waonane mahakamani. Akaongeza: wewe Shabani ungeniuliza, huyu juzijuzi tu alikuwa anakojoa kizingitini kwangu.

Alhamdulillahi! Hata mimi Mkristo nimesema. Nimerudi juu ya baiskeli yangu, napiga kengele njia nzima.

Jumamosi, 8 Desemba

Nimelala kama gunia la korosho. Nimeamka na akili mpya. Kumbe sheria iko upande wangu! Naweza kutia saini popote, hainishiki.

Asubuhi nimekwenda mtaa wa Likombe. Kijana mmoja huko, Elia, ana gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, anaigawa kwa siku. Krismasi wageni watasikiliza gramafoni, si mimi! Nimempa baiskeli. Hakuna hatari: ana miaka kumi na mitano, mtoto mwenzangu atanidhulumu vipi? Tena safari hii nimetazama kalenda kwa makini. Krismasi ni Jumanne. Nimechukua Jumanne zote, mpaka kufa.

Baba amefika. Anauliza baiskeli iko wapi. Nasikia viatu vyake ukumbini. Mlangoni. Naficha daftari hi