Ombi la Kuvuliwa Uzamivu wa Pilipili Hoho

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Kilimo cha Bustani,

Kwa nusu karne nimeficha kwamba shahada yangu ya uzamivu ilitokana na samadi ya kondoo. Daktari wangu haamini kwamba nitafika mavuno ya zabibu, kwa hiyo nakuletea malalamiko yangu dhidi ya chuo chako mapema.

1. Mwaka 1974 nilipanda pilipili hoho hapa kijijini Brestak, matuta kumi na mawili. Sita niliyapa mbolea, sita niliyanyima ili nilinganishe. Chuo hakikunionya kuhusu jirani yangu Stamena, ambaye hawezi kuona mche una njaa. Kila alfajiri alikuja na ndoo ya samadi akaishibisha miche niliyoinyima.

2. Watahini watano walisoma katika tasnifu yangu kwamba pilipili hoho haihitaji mbolea, wakapiga makofi. Kisha wakala mavuno ya utafiti, yamechomwa na kumenywa, kwa jibini na pombe nyingi ya raki. Hakuna aliyeuliza kwa nini matuta yaliyonyimwa yalinuka zizi.

3. Siku hiyohiyo ya sherehe, Stamena alinieleza kila kitu huku akimenya. "Sasa Velichko, ulitaka nizitazame pilipili zife? Daktari gani wewe, unawanyima wagonjwa chakula halafu unakaa unaandika?" Ndipo nilipojua, na shahada ilikuwa tayari ukutani. Ningefanya nini?

4. Hili ndilo zito. Ralitsa Docheva, mwanafunzi wako wa uzamivu, amerudia jaribio langu misimu mitatu. Miche yake isiyopewa mbolea hudhoofika, kama inavyostahili. Nasikia Jumatatu kamati yako itamwondoa chuoni kwa kushindwa kupata matokeo yangu. Binti hana kosa. Hana jirani tu.

Kwa hiyo naomba univue shahada, umwache Ralitsa amalize, na uzamivu wangu apewe Stamena, ambaye ana miaka tisini na mmoja na bado analima. Akikataa, kondoo ndio wapewe. Mimi nilidanganywa tu.

Nisalimie wahadhiri wote, na yule mzee wa ghala la mbegu kama bado yupo.

Wako mtiifu,
Dkt. Velichko Karadzhov (kwa sasa)

Baada ya kusaini: Nimeisoma tena barua hii. Sentensi ile ya kudanganywa ifute, kamati isije ikamhurumia mtu asiyestahili. Nilimwona Stamena kutoka dirishani wiki ya kwanza. Wiki ya pili niling'oa mbao mbili za ua, asichane sketi akipita.