Jinsi Nilivyowaponda Makauboi wa Kijapani

Jumamosi, 2 Agosti

Baridi kali. Habari njema hata hivyo. Bi Sumaiya, mwenye ile redio ya mtandaoni juu ya duka la mablanketi hapa Johannesburg, anatafuta mhakiki wa filamu wa kudumu. Nusu saa kila Jumamosi. Jina lako linatajwa mwanzo na mwisho. Wiki hii anatupima watu wawili: mimi na Elisée.

Elisée! Msusi kutoka Bukavu. Saluni yake inatazamana na meza yangu ya makava ya simu. Mimi nilikuwa nikiwatazama makauboi wa Kiitaliano ukumbini Tanga kabla yeye hajazaliwa. Ananiita Yaya Mansour, yaani kaka mkubwa kwa Kiswahili chao, na kila asubuhi ananiamkia kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa.

Mtihani wenyewe: filamu ya Kijapani iliyotengenezwa kuwaenzi wale wale makauboi wa Kiitaliano. Inaonyeshwa kesho, kwenye maonyesho ya filamu za Kijapani ya mwezi huu. Mtihani umekuja kwenye somo langu.

Jumapili, 3 Agosti

Nimekwenda na Zuhura, binti yangu. Miaka kumi na sita, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote ila hajibu nacho. Ukimsemesha anajibu kwa Kizulu, ukigomba anahamia Kiingereza. Zubeda, mama yake, ndiye aliyemlazimisha kunifuata. Mwaka mzima hajatoka na mimi popote.

Filamu kichaa. Jangwa limejaa theluji. Kila kauboi ana bastola kiunoni na upanga mgongoni. Wajapani watupu, na wote wanaongea Kiingereza kwa taabu, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Watu ukumbini walicheka. Nami nikacheka.

Halafu ikaja ile sehemu. Kauboi mzee, mgeni mjini, amesimama nje ya duka anakariri sentensi ya kuombea mkate. Anairudia mara tano, mara sita. Anaingia. Mwenye duka anamkazia macho. Sentensi yote imempotea. Ananyoosha kidole tu, na anatoka na sabuni.

Wiki yangu ya kwanza Johannesburg, mimi nilitoka na chakula cha mbwa. Niliona haya kukirudisha.

Nililia. Si machozi ya kistaarabu. Mabega yalikuwa yanacheza. Zuhura akanishika mkono, hakuuachia mpaka taa zilipowashwa. Sijapata kuona filamu nzuri kama ile.

Jumatatu, 4 Agosti

Msiba. Elisée kanitangulia. Ametuma sauti kwenye grupu la redio, dakika saba, anaisifu filamu. Amemtaja mzee wa mkate. Ametaja hata kivuli cha mlango kinachomwangukia usoni, ambacho mimi sikukiona kwa sababu ya machozi.

Sasa mimi niseme nini? Nikisifu, nitakuwa mwangwi wa msusi. Nimewaza kutwa nzima. Wateja wawili nimewapa makava ya simu zisizo zao.

Alasiri nikasoma mtandaoni wahakiki wa ng'ambo wanasemaje. Wamegawanyika katikati. Nusu wanasema ni karamu, ni heshima ya kweli kwa sinema za zamani. Nusu wanasema ni watoto waliovaa nguo za baba yao. Nikapata njia. Nitakwenda na nusu ya pili.

Jumatano, 6 Agosti

Leo ilikuwa zamu yangu hewani. Nimeiponda filamu mpaka ikalainika. Nimesema Wajapani wawaachie wenyewe Kiingereza chao na farasi wao. Nikamwigiza yule mzee wa mkate kwa sauti ya puani. Bi Sumaiya alicheka hata akashika meza. Simu zikamiminika. Mlinzi mmoja wa maghala ya Midrand akasema nimemkata kiu. Nilichogundua ni kwamba kila aliyepiga kuwacheka Wajapani alikuwa anachanganya Kiswahili, Kifaransa na ile eish ya mshangao ya wenyeji wa hapa katika pumzi moja. Nikawaacha. Walikuwa upande wangu.

Nikarudi nyumbani Turffontein kifua mbele. Zubeda alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Akasema tu kwamba mtoto amesikiliza. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake. Akaniambia kwa Kiswahili, polepole, kila neno peke yake:

"Baba, wewe ulilia."

Akafunga mlango.

Miaka yote nimekuwa nikimwomba mtoto huyu anisemeshe kwa lugha ya kwetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Zuhura ameondoka kwenda shule bila kuaga. Zubeda amenikalisha chini. Amesema nimemcheka mzee yule mbele za watu, na mzee yule ni mimi. Nikamjibu kwamba kitu hicho kinaitwa uhakiki. Akasema vizuri, basi huo uhakiki ndio utakaonipakulia chakula leo.

Haukunipakulia.

Mchana Elisée akavuka barabara na vikombe viwili vya chai. Hakubishana. Akasema huenda mimi, kwa umri wangu, nimeona lililompita yeye, na kwa hiyo kesho atakwenda kuitazama tena. Nikanywa chai yake. Ilikuwa tamu. Hilo nalo limeniuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeamua. Kesho tunaingia hewani sote wawili, kisha Bi Sumaiya anatoa uamuzi. Nitasema kweli. Nimemwahidi Zuhura kupitia mlangoni. Muziki aliupunguza.

Ukweli nao unataka mpango. Lazima nianze mimi. Nikitangulia kusifu, na nikaeleza kwamba nimetafakari upya, Elisée ndiye atakayekuwa mwangwi. Nimempigia Bi Sumaiya, amekubali niwe wa kwanza. Nimekwenda kunyoa ndevu, ingawa ni redio.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake ya nchi hii. Teksi za kuhesabu. Nimefika nimechelewa dakika ishirini, na Elisée keshapewa zamu yangu.

Alikuwa anamweleza mzee wa mkate. Akasema alipofika kutoka Bukavu alikaa siku tatu bila kusema na mtu, kwa kuogopa kuchekwa. Akasema kwamba Yaya Mansour amekosea, lakini ni mtu mwenye moyo, na iko siku ataitazama tena ile filamu.

Bi Sumaiya akanisogezea maikrofoni. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu tu: Elisée amesema kweli. Nikafungua mdomo. Yakatoka mengine. Nikasema filamu ni mbaya kuliko nilivyosema Jumatano. Nikasema anayeililia filamu ile ana lake jambo. Dakika kumi nzima. Nilijisikia kama namsikiliza mtu mwingine, na sikuwa na uwezo wa kumnyamazisha.

Simu ikaita. Bi Sumaiya akaiweka hewani.

"Mimi ni Zuhura. Mtoto ya Mansour. Baba yangu alilia sana kwa hii filamu. Mimi nilishika mkono yake. Filamu ni nzuri."

Elisée akainamisha kichwa, hakunitazama. Afadhali angecheka. Bi Sumaiya akamshukuru mtoto, akamwalika awe mgeni wa kipindi wiki ijayo. Kipindi chenyewe akampa Elisée.

Nimerudi kwa miguu. Ni mbali sana.

Jumapili, 10 Agosti

Zuhura ametoka chumbani, akakaa karibu yangu. Kwa Kiswahili nusu, Kiingereza nusu, amesema Jumapili ijayo wanaonyesha nyingine ya Kijapani, ya mpishi wa treni. Je, tutakwenda? Furaha ilinishika nikakosa pa kuiweka. Nimemwambia tutakwenda. Nimemwambia yaliyopita yamenifunza: safari hii nitaketi kwa moyo mweupe na kusema nitakachokiona, basi. Akaniegemea bega.

Kisha nikauliza, kwa kupita tu, kama Elisée ameshaiona. Akasema ndiyo, Ijumaa, baada ya ile ya makauboi, na haikumpendeza hata kidogo.

Nimeshaandika kurasa mbili za uhakiki. Ni filamu ya karne. Hasa mwisho wake.