Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Viboko wa Ruvu

Kando ya Ruvu, chini ya Matombo,
Mwezi wa Mei, 1909

Kwa Jumbe Stambuli,
Mjomba wangu na mlinzi wa mashamba ya ukoo wetu,

Shikamoo, Mjomba. Ningepiga goti kama ipasavyo, lakini mtoto yuko mgongoni ndiyo kwanza amelala, na nikiinama ataamka. Sisi hatujambo. Nimeandika badala ya kuja mwenyewe kwa kuwa kila nilipokuja nilikukuta umeketi na wageni, ukaniashiria kwa mkono nisubiri, na mpunga wangu haujui kusubiri. Masista wa Matombo walinifundisha kuandika. Tangu niolewe, kalamu yangu imekuwa ya kuwaandikia majirani barua za misiba. Leo naandika ya kwangu.

Neno langu ni juu ya yule Bwana Mjerumani apigaye picha za wanyama kutoka ndani ya mtumbwi. Wewe humwita Bwana Mkubwa. Sisi huku mtoni twamwita Bwana Gubigubi, maana kila akitaka kukitazama kitu vizuri hujifunika shuka nyeusi kichwa kizima. Simchukii. Ni mpole, husalimia watu, na alimpa mwanangu Yuliana biskuti. Lakini tangu aliposhuka gari la moshi hapo Morogoro, akaja kwako na wapagazi wake na lile sanduku lake la miguu mitatu, nyumba yangu haikai sawa. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa nambari ili upate kuyasoma kwa kituo, ukipumzika katikati.

1. La kwanza ni ukimya. Ulitangaza kwamba katika mashamba yote ya ukingoni isipigwe ngoma wala debe, madungu yasiwe na mtu wa kulinda, na moto usiwashwe, mpaka Bwana apate picha zake. Kwa sababu kiboko akisikia kelele huzama, na kiboko aliyezama hapigiki picha. Amri tumeitii. Viboko nao wameitii kuliko sisi. Jua likianza kuzama wanapanda ukingoni mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu waingiao kanisani, wanakula mpunga wangu kuanzia upande wa maji, wala hawapigi kelele hata kidogo. Nimesimama mlangoni na debe mkononi nikiwatazama. Jirani yangu Mwanaheri, ambaye ulimi wake unaujua, akaniuliza kutoka uani kwake, "Mama Yuliana, wageni wako wameshiba, au niwaletee na chumvi?" Nikamwambia alete, maana kweli chumvi hawajapewa.

2. La pili ni mwanangu. Tarishi wako alikuja asubuhi, akasimama mbali kama mtu aletaye habari za tauni, akasema Jumbe anaagiza mtoto asilie Bwana akiwa mtoni. Amri hiyo nimemfikishia Yuliana kama ilivyokuja, sikupunguza neno. Anaota meno. Alinisikiliza vizuri, akanitazama machoni, kisha akalia mpaka kunguru wakaondoka mtini. Nadhani hakuelewa kwa kuwa nilimwambia kwa Kiswahili. Kama Bwana anaweza kumwandikia kwa Kijerumani, huenda akamwogopa zaidi. Mimi mwenyewe ningefurahi mno, Mjomba, anyamaze hata kwa muda wa kuchemsha uji. Ukipata amri iwezayo kuotesha meno kimya kimya, usiwapelekee viboko kwanza, niletee mimi.

3. La tatu ni mume wangu. Ulimtoa Kasiani kuwa mpiga pondo, wa kuusukuma mtumbwi wa Bwana kwa mti mrefu, kwa sababu, ulisema, ana mkono mtulivu. Mkono aliokuwa nao ulikuwa wa kawaida. Sasa ndio umetulia. Amefundishwa kwamba Bwana akiingia chini ya shuka, wote mtumbwini wasitikisike, wasikohoe, wasifukuze hata nzi. Mafunzo hayo amekuja nayo nyumbani. Nikimwomba aninyanyulie mtungi ananiinulia kidole niwe kimya, anatazama jua, kisha ananiambia mwanga si mzuri. Juzi nilimkuta amesimama mbele ya kuni, hazipasui, hazibebi. Nilipomuuliza, akasema anasubiri zigeuke.

Hilo ningelivumilia, maana wanaume wengine husimama mbele ya kuni bila kufundishwa na mtu. Lakini wiki iliyopita Bwana alileta wageni wake kwa matembezi ya mtoni, bwana mmoja mnene na bibi mmoja mwenye kofia ya utaji, pamoja na mwavuli na kikapu cha chakula, wote katika mtumbwi ule ule mwembamba ambao marehemu babu yangu alikataa kupakia hata mbuzi wawili. Bibi akasema viboko wanaonekana wapole, masikini, tena wana macho mazuri. Mkalimani akatafsiri. Kiboko hakutafsiriwa, akaja chini ya maji, akaunyanyua mtumbwi upande wa nyuma, na upande wa nyuma ndipo asimamapo mpiga pondo. Kasiani akaenda majini. Bwana akapiga kelele, "Vioo! Shikeni vioo!" maana picha zake huzitia kwenye vioo. Wakavishika vioo. Vyote vilipona, hakikupasuka hata kimoja. Tuliposali jioni nilimshukuru Mungu kwa vioo. Kasiani naye akatokea baadaye chini ya matete, amejaa tope mpaka ndani ya masikio, pondo bado mkononi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliache.

Siku hizi akilala namwekea kiganja mgongoni, nihakikishe anapumua. Hilo sikuliwekea nambari.

4. La nne ni picha zenyewe. Bwana si mchoyo, alituita tuone. Tulitazama kwa zamu. Ulikuwa mto, Mjomba, mto wetu huu huu, na katikati ya maji vipele viwili. Bwana akatueleza kwa furaha kuwa hayo ni masikio. Mpunga wangu wa upande wote wa maji umeliwa ili Ulaya wapate kuona masikio. Laiti angekuja kwangu jioni, ningemwonyesha viboko wazima, mbele na nyuma, wakitafuna.

Kisha akatuonyesha picha nyingine, ya samaki aitwaye nyangumi, aliyoipiga katika bahari ya baridi akiwa vile vile katika chombo kidogo. Ilikuwa kama kilima kimelala majini. Mwanaheri akasema, "Huyo akipanda Ruvu, Jumbe atatuambia tumpishe na nyumba." Nikamuuliza Bwana, kwa mdomo wa mkalimani, watu wakaao karibu na nyangumi huyalinda vipi mashamba yao. Akacheka, akasema nyangumi hali shamba la mtu. Basi niliwaonea wivu watu hao, ingawa wanakaa kwenye baridi.

5. La tano ndilo zito, na hapa nakuomba uache chai yako kidogo. Shamba hili halikutoka kwa Kasiani. Ni la bibi, mama yako mwenyewe. Akampa mama yangu, mama akanipa mimi, nami nitampa Yuliana. Hiyo ndiyo desturi yetu Waluguru, na kwa desturi hiyo hiyo wewe, ndugu wa mama, umewekwa kuyalinda mashamba ya akina mama na kuyagawa kwa watu wa ukoo. Sasa umewagawia viboko. Sikutaka kukuhukumu kwa haraka, kwa hiyo nimewapitia akina mama wote wa ukoo nikiuliza kama yuko aliyezaa kiboko. Wamekana. Mmoja alinitupia mwiko.

Nikafikiri usiku na mchana nikinyonyesha, nikaona kumbe kosa ni langu. Nimekuwa nikiomba vitu kama mtu, na mwaka huu mtu hana bei. Kiboko akila shamba la mwenzake hapigiwi debe. Kiboko halipi kodi ya kibanda, hachukuliwi kwenda kutengeneza barabara, na akinyonyesha mwanawe wageni hutoka mbali, wanakaa kimya, wanamtazama kwa heshima. Akiwa hai hupewa mpunga wetu, na akifa ngozi yake hupewa migongo yetu. Kwa vyovyote hatuachani naye.

Kwa hiyo naomba rasmi, Mjomba, mimi Felista, mume wangu Kasiani na mtoto wetu Yuliana tuhesabiwe kuanzia sasa miongoni mwa viboko wa Ruvu. Sifa tunazo. Mimi silali usiku, na kazi ikizidi najua kuzama. Kasiani amekwisha ingia majini na kutoka matopeni mbele ya mashahidi. Yuliana hana meno mengi, lakini anafungua kinywa vizuri kuliko wote mtoni.

Ukitukubalia, tutaanza kula mara moja. Hatutakusumbua kutupa shamba, tumekwisha lichagua: ni lile la kwako la mahindi, lililo nyuma ya baraza yako. Tutakuja jua likizama, kwa adabu, mmoja mmoja. Nakuomba usipige ngoma. Nakuomba mkeo asitutupie jiwe. Mkituona tumesimama kati ya mahindi tukitafuna, nanyi semeni tu kwamba tuna macho mazuri.

Na kama jambo hili ni gumu, maana najua wewe ni mtu wa sheria, basi nifanyie lililo jepesi. Turudishie ngoma zetu mpaka tuvune. Mpunga umeanza kutunga mbegu, na uliobaki ni ule wa upande wa nyumba tu. Ukiliwa huo, hakuna mwingine, na mtoto ninayemwachisha ziwa mwaka huu sina nitakachomwachishia. Mrudishe na Kasiani nchi kavu. Nimesema kwa heshima, Mjomba, lakini nimesema. Usipojibu nitakuja na mtoto tukae barazani kwako, na sitamnyamazisha.

Wasalimie wote wa nyumbani: mkeo, mkaza mjomba wangu, mwambie dawa ya tumbo aliyonipa ilifaa, bibi yake aliye kitandani, tarishi wako, mwambie Yuliana anamuulizia, na akina Mwaisha wa kisimani. Wasalimie na viboko, wakubwa kwa wadogo, ukikutana nao kabla yangu.

Mimi mpwa wako mtiifu kadiri ya mpunga uliobaki,
Felista, mke wa Kasiani

Tanbihi: Mjomba, barua hii nilikwisha ikunja, nangoja mtu wa kuileta, lilipotokea jambo. Jioni ile mawingu yalishuka kutoka Uluguru, na Bwana akaona mwanga hautoshi. Viboko walikuwa wamekwisha panda kwangu, wanakula. Basi akatoa unga fulani aliokuwa ameuficha katika kopo, akaumwaga juu ya kibati chenye mpini, akamwambia Kasiani akiinue juu na kufumba macho, akauwasha. Ulitoka mwanga mweupe kama radi iliyozaliwa mle mle mtumbwini, na mshindo, na moshi wa kukohoza mji mzima. Viboko sijawahi kuwaona wakikimbia vile. Walipita mpunga, wakapita matete, wakatumbukia mtoni wote kwa pamoja na kuteremka na maji, na tangu jioni hiyo hakuna hata unyayo mpya shambani. Ngoma za babu zetu hazijapata kufanya hivyo hata mwaka mmoja.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, isipokuwa salamu. Nimeituma hivi hivi kwa sababu karatasi nyingine sina.

Sasa nasikia Bwana anafunga mizigo. Anasema mto umekuwa mtupu, heri ateremke pwani akatafute nyangumi. Mjomba, nakuomba kwa jina la mama yako, asiondoke kabla ya mavuno. Mwambie nyangumi ni mkubwa, hapotei. Chakula chake nitapika mimi. Kasiani atamshikia kibati, mradi wasimame nchi kavu. Na akikuuliza viboko wako wapi, mwambie wapo, tena wengi, wamezama tu. Ila awashe ule unga wake kila jioni, pale pale penye mpunga wangu, maana ndipo wanapopenda kutokea.