Baba Mkwe Amekalia Jua Langu

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, Mzee Nashoni,

Shikamoo baba. Pole na kazi za kitongoji. Hapa kwa mzee Mogesi tuko wazima, mtoto wetu Nice ameota jino. Shida yetu ni jua.

Mimi ni Ghati, mke wa Method. Nimeanika maembe, nyanya na majani ya kunde kwenye kichanja mbele ya nyumba, ili kiangazi kikibana Nice wangu asile ugali kwa chumvi. Sasa huyu mzee Mogesi, baba mkwe wangu, ameona hapo hapo ndipo penye jua zuri la mgongo wake. Malalamiko ni haya:

1. Anakuja na kigoda na fimbo yake asubuhi, anaondoka jua likizama. Na unajua mila yetu, mkamwana hamsogelei baba mkwe. Maembe yanataka kugeuzwa, nani ageuze? Juu yamekauka kama ngozi, chini bado yanatoa machozi.

2. Nilimtuma Method akaongee naye kiume. Akapewa kipande cha embe, akarudi anatafuna.

3. Nikajificha nyuma ya nyumba nikakohoa, labda mzee ataelewa anipishe. Akanionea huruma, akaagiza nichemshiwe dawa ya kifua. Sasa nakunywa machungu kila jioni na kifua changu kizima.

4. Ameanza kukaribisha wazee wa rika lake waonje. Sifa zinaongezeka, maembe yanapungua. Hata wewe baba nasikia ulipita, sikulaumu.

Kwa hiyo naomba serikali ya kitongoji ihamishe kigoda. Ikishindwa, ihamishe nyumba. Ikishindwa kabisa, mkutano wa hadhara upitishe kwamba mkamwana aliyeshika embe si mkamwana tena, ni mtaalamu wa kilimo, apite.

Nisalimie mama, watoto, na wote waliokuja kuonja.

Mimi mtoto wako mwenye matumaini,
Ghati, mama Nice

N.B. Kabla sijaituma hii, mzee ameenda Tarime kupimwa macho. Nikageuza maembe yote kwa raha zangu, nikaingia ndani kunyonyesha. Kutoka, mbuzi wa jirani yetu Kisyeri wako juu ya kichanja, kunde na nyanya kwisha. Kumbe ile fimbo ya mzee ilikuwa kazini! Baba, usihamishe kitu. Mpigie simu arudi haraka, kigoda nimekifuta vumbi. Ila akishakaa, mwambie wewe awe anageuza maembe. Mimi nitamwambiaje?